Nyumba za Mafuta ya Taa

Nimezaliwa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na nyumba kongwe hazinibabaishi. Nimekulia chini ya boriti za mikoko, kwenye kuta zinazodondosha chokaa kila masika, huku chini ya dirisha papasi, kijana wa kutembeza watalii, akimwambia mgeni wake kwamba miiba ya shaba kwenye mlango wa jirani iliwekwa kuwazuia tembo. Tembo wa wapi, Unguja? Lakini mgeni hupiga picha, na papasi hupata riziki yake. Nilijua mapema kwamba nyumba ya zamani ina hadithi ya mlangoni na hadithi ya uani, na mgeni hafikishwi uani.

Nilipokwenda Marekani kumtembelea dada yangu, karibu na Boston, mwanawe aliniuliza: "Mjomba, Jumamosi sina kazi. Nikupeleke wapi? New York?"

"Nipeleke New Bedford."

"New Bedford kuna nini, Mjomba? Kule ni wavuvi tu."

"Na wewe mjukuu wa nani?"

Akacheka, lakini alinipeleka. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kusini mwa Boston. Njiani nikamweleza kuhusu ambari. Kwetu pwani, tangu karne nyingi, wazee wameokota ufukweni kile kitu chepesi cha kijivu chenye harufu isiyoelezeka, wakakiuza kwa Waarabu kwa bei ya kushangaza. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi mmoja tu mkubwa, yule mwenye kichwa kama kasha. Sisi hatukumfuata. Tulingoja bahari ituletee kilichomtoka. Watu wa New Bedford walimfuata dunia nzima, na walichomtakia kilikuwa kichwani: mafuta meupe, mazito, yakipoa yanaganda kama nta, na mshumaa wake hauna moshi wala harufu. Shahamu ya mwili nayo iliyeyushwa ikawa mafuta ya taa. Namaanisha mafuta ya kutia taani, si haya tunayochota kituoni.

Hapo mpwa wangu alinishika. "Kwani si ndiyo hayo hayo?"

Siyo. Kwa bibi yangu Makunduchi tuliwasha koroboi, ule mkebe mdogo wenye utambi, na tulichotia tukakiita mafuta ya taa kana kwamba dunia haikuwahi kuwa na mengine. Yale yanatoka ardhini. Kabla watu hawajachimba kisima cha petroli kule Pennsylvania mwaka 1859, taa nyingi za Marekani na Ulaya zilikunywa mnyama, na mji uliowauzia watu mnyama huyo kuliko mji mwingine wowote ulikuwa huu tunaouendea. Mwaka 1857 New Bedford ilikuwa na meli 329 za kuwinda nyangumi na mabaharia wapatao 10,000. Kaulimbiu yake ya Kilatini inasema mji huo unaeneza nuru.

Tulianzia juu. Mji umekaa kwenye mteremko: bandari chini, mtaa wa County Street juu kabisa, na matajiri walijenga juu. Hii nilielewa bila kuambiwa. Juu kuna upepo, na kutoka juu unaziona meli zako zikirudi. Kubwa zaidi ni kwamba juu harufu haifiki. Aliyewahi kupita Malindi bandarini majahazi yanapopakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa, anajua harufu ya mafuta ya samaki huingia nguoni ikakataa kutoka hata ufue mara tatu. Sasa fikiria gati nzima yenye mapipa ya nyangumi yaliyokaa ghalani mwa meli miaka mitatu, minne.

Nyumba tuliyoiingia ni ya William Rotch mdogo, iliyojengwa mwaka 1834. Leo inaitwa Rotch-Jones-Duff, kwa majina ya koo tatu zilizoishi humo. Aliyeichora ni Richard Upjohn, seremala wa samani aliyehamia kutoka Uingereza mwaka 1829, ambaye baadaye alichora kanisa la Trinity la New York na kuwa rais wa kwanza wa chama cha wasanifu majengo wa Marekani. Vyumba 28. Bustani inachukua mtaa mzima, kuna mawaridi yaliyozungushiwa vichaka vilivyokatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi, na kibanda cha fito cha kukaa kivulini. Juu ya paa kuna chumba kidogo cha vioo pande zote, na macho yangu yalikwenda huko kabla sijatazama kitu kingine.

Ukoo wa Rotch haukuwa wa watu wa kawaida. Walitoka kisiwa cha Nantucket, ambako uwindaji wa nyangumi ulikuwa umeshamiri kabla, na Joseph Rotch alihamishia biashara hapa mwaka 1765. Mbili kati ya meli zilizobeba ile chai iliyotoswa bandarini Boston mwaka 1773 zilikuwa zao. Dini yao ilikuwa ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao wasomaji wangu wa Vihiga na Kaimosi wanawajua kuliko mimi. Watu wa nguo za kijivu, wasioapa, wasiopigana vita, wasiopenda mapambo. Nilisimama ukumbini nikatazama ngazi, madirisha marefu, dari iliyo juu kama ya msikiti wa Ijumaa, nikajiuliza mapambo waliyoyakataa ni yapi hasa. Labda jibu ni kwamba hakuna dhahabu. Kila kitu ni cheupe, kimenyooka, kimetulia. Ni utajiri unaosema kwa sauti ya chini, na huo ndio ghali zaidi.

Mwaka 1851, Rotch akiwa amekwisha kufa, nyumba ilinunuliwa na Edward Coffin Jones, tajiri mwingine wa nyangumi. Binti yake Amelia aliishi humo zaidi ya miaka 80, hadi alipofariki mwaka 1935. Nililirudia hesabu hilo mara mbili. Alihamia mtoto, meli zikiwa msitu wa milingoti kule chini. Akaona mafuta ya ardhini yakiingia sokoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na serikali ikanunua meli kuukuu za nyangumi, ikazijaza mawe na kuzizamisha ili kuziba bandari za Kusini. Mwaka 1871 barafu ya Aktiki ikafungia meli 33, watu 1,219 wakaziacha huko na kuokoka wote. Mwaka 1924 meli iitwayo Wanderer ikavunjikia miambani karibu na nyumbani, na kazi yenyewe ikawa imekwisha. Amelia bado yumo kwenye nyumba hiyo hiyo, na waridi hizo hizo. Nilitamani kujua akiwa mzee alikuwa akitazama nini kupitia vile vioo vya juu ya paa.

Kwa kweli nyumba ni nzuri. Lakini nilitoka na dukuduku. Nilikuwa nimenusa vyumba kadhaa, nikasikia nta ya sakafu na vitabu, basi. Hakuna tone.

Kwenye benchi ya bustanini nilimweleza mpwa wangu habari ya mgao, maana yeye kazaliwa ugenini na hajawahi kuvuta wavu. Kwetu chombo kikirudi, samaki hugawanywa mafungu: kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Mwenye chombo anaweza kuwa amelala nyumbani na fungu lake likamfikia. New Bedford walifanya hivyo hivyo. Baharia hakulipwa mshahara bali fungu la faida ya safari nzima. Nahodha aliweza kupata kati ya 1/8 na 1/18. Kijana mgeni wa bahari alipata 1/175, hata 1/200. Na katika hiyo 1/175 alikatwa nguo, viatu na tumbaku alivyokopeshwa melini kwa bei ya melini. Kuna walioshuka baada ya miaka mitatu wakiwa na deni.

"Kwa hiyo hawa wa hapa walikuwa na fungu la chombo," akasema, akiitazama nyumba.

"Na la nyavu."

Siwezi kuwamaliza akina Rotch kwa sentensi hiyo, na itakuwa dhuluma nikiishia hapo. Nantucket, kwenye miaka ya 1770, kijana mtumwa aitwaye Prince Boston alisafiri kwenye meli ya baba wa huyu mwenye nyumba. Meli iliporudi, William Rotch mkubwa alimtaka nahodha amkabidhi kijana fungu lake mkononi, si bwana wake. Bwana akashtaki, akashindwa. Mkono ule ule uliokata mafungu madogo ulimpa mtu uhuru wake. Historia ya pwani yetu imejaa watu wa namna hii, na sijawahi kujua niwasimulie vipi bila kupunguza upande mmoja.

Kutoka hapo tulishuka kwa miguu, dakika chache tu, hadi Seventh Street. Nyumba namba 21 ni ya mbao, ya wastani, na ukiwa na haraka utaipita. Mbele yake kuna bustani mpya ndogo yenye sanamu ya kijana mmoja. Hii ilikuwa nyumba ya Nathan na Polly Johnson, mke na mume Weusi. Polly alitengeneza keki na peremende, na kulisha karamu za matajiri wa juu kule tulikotoka. Hatukuingia ndani, na sikujali. Nilikuja kuona mlango.

Septemba 1838 walifika mlangoni hapa mume na mke waliooana siku chache tu nyuma. Mume ana miaka kama 20, ametoroka utumwani Baltimore. Walipofika hawakuwa na nauli ya gari la farasi lililowaleta, dereva akazuia mizigo yao, na Nathan Johnson akatoa dola mbili kuikomboa. Kijana alizaliwa Frederick Bailey. Alipopita New York alijibandika jina la Johnson ili asikamatwe. Sasa amefika mji ambao akina Johnson wamejaa hadi hawajulikani nani ni nani, na mwenyeji wake ni Johnson. Nathan alikuwa akisoma utenzi wa mshairi wa Uskoti, akamchagulia humo jina la Douglass. Kwa jina hilo ndipo dunia ikamjua: Frederick Douglass, aliyekuja kuwa sauti kubwa kuliko zote dhidi ya utumwa katika Marekani.

Habari hii nilikuwa naijua tangu zamani. Lakini sikuwa nimeifikiria kazi aliyokuwa nayo mkononi: Douglass alikuwa fundi wa kalafati.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Wa bara nitamwambia kwamba kalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao na mbao za chombo kwa pamba au nyuzi zilizolowa mafuta, ukigonga kwa nyundo na patasi butu, ili maji yasipite. Ni kazi ya sikio. Fundi mzuri anasikia kwa mlio kama pamba imekaa. Babu yangu alikuwa fundi wa kalafati. Mlio ule ndio ulioniamsha utotoni, tok, tok, tok, kabla ya adhana ya alasiri kutuita kutoka usingizini. Na mji wenye meli mamia, zinazorudi zimechoka baada ya miaka baharini, si ndio pepo ya fundi kama huyo?

Haikuwa. Mwenye meli mmoja, mpinga utumwa kweli, alikuwa tayari kumpa kazi. Mafundi Weupe wakasema Mweusi akigonga nyundo hapa, sisi wote tunashuka. Kalafati ilikuwa dola mbili kwa siku. Akaenda kufanya ukuli kwa dola moja: kupasua kuni, kubeba makaa, kusukuma mapipa. Ukuli wake wa kwanza bandarini, siku ya tatu tangu afike, ulikuwa kupakia mafuta kwenye jahazi.

Nilimwambia mpwa wangu arudi nyuma kwa macho, apime kutoka mlango huu hadi ule wa vyumba 28. "Harufu tuliyoikosa kule," nikasema, "ilikuja kulala hapa." Yeye alikuwa ameinama akisoma kibao, akaniambia, "Mjomba, huyu mtu alilipwa nusu kwa kazi isiyo yake, halafu akasema ana furaha." Ni kweli, Douglass alisema hivyo. Alifurahi kwa sababu fedha ile ilikuwa yake, hakukuwa na bwana aliyesimama pembeni ameikingia mkono. Mpwa wangu alilitafakari jambo hilo njia nzima ya kushuka, nami nikamwacha nalo.

Katika mteremko huo huo aliishi na kufua chuma Lewis Temple, Mweusi mwingine, aliyetoka Virginia. Mwaka 1848 alitengeneza chusa chenye ncha inayogeuka ikishazama mwilini, ikalala kimsalaba isichomoke. Vyusa vya zamani vilichomoka, nyangumi akaondoka na kifo chake, meli ikakosa mafuta. Baada ya Temple, walikosa mara chache zaidi. Hakuandikisha uvumbuzi wake, kila mhunzi akaunakili. Mwaka 1853 aliumia kwa kuanguka kwenye shimo la mfereji uliokuwa ukichimbwa na mji, mwaka uliofuata akafa, na fidia ya dola 2,000 aliyopewa hakuiwahi. Leo ana sanamu mbele ya maktaba, chusa mkononi.

Chini zaidi, juu ya kilima kidogo karibu na bandari, kuna kanisa la mabaharia, Seamen's Bethel, la mwaka 1832. Kando yake limesimama bweni la mabaharia, na hilo nalo ni nyumba ya Rotch! Ni makazi ya mwanzo ya yule yule William, ya mwaka 1787, yaliyotolewa na binti yake na kuvutwa hadi hapa mwaka 1851. Alipokuwa akiishi karibu na gati huenda hata yeye alinusa.

Ndani ya kanisa kuna mimbari yenye umbo la omo la meli. Watu walikuwa wamejipanga kupiga picha. Mimbari hiyo iliwekwa mwaka 1961. Riwaya maarufu ilikuwa imebuni mimbari ya namna hiyo, filamu ikaionyesha, watalii wakafika wakaulizia iko wapi, na mwishowe wenyeji wakachonga moja yaishe. Nilicheka peke yangu. Papasi wetu wa tembo ana ndugu zake huku.

Lakini kuta za kanisa hazikubuniwa. Zimebandikwa vibao vya marumaru vyenye majina ya watu ambao hakuna kaburi lao: aliyeburutwa na kamba ya chusa, aliyeanguka kutoka mlingotini, aliyefariki kwa homa pwani ya mbali. Miaka 18, miaka 22. Kwetu mtu akipotea baharini husaliwa kwa mbali na mama hubaki akiangalia mlango. Hapa mama aliletewa ubao. Majina ya vibao vya zamani ni ya Kiingereza zaidi, ingawa melini kulikuwa na watu wa Azores, wa Cabo Verde, wa visiwa vya Pasifiki. Wajukuu wa wale wa Cabo Verde bado wapo mjini, na barabarani nilisikia Kireno na Krioli kuliko nilivyotarajia.

Mlangoni, nikitazama ng'ambo ya mto Acushnet, niliona Fairhaven. Mwaka 1842 kijana mmoja alipanda meli ya nyangumi pale, akasulubika kwa chakula kibaya na nahodha mkali, na meli ilipotia nanga Unguja akashuka asirudi tena melini. Alituandika, si vizuri sana. Wakati huo Wamarekani walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833, na balozi mdogo kutoka Salem tangu 1837. Meli za Salem zilituletea ile nguo ngumu isiyopaushwa, na ndiyo bibi yangu hadi kufa aliita merekani. Wenye fedha wa New Bedford nao waliona mapema kwamba nyangumi hawatadumu: mwaka 1846 walianzisha kiwanda cha pamba, Wamsutta, na faida ya mafuta ikawa uzi. Hatukuwa mbali na mji huu kama mpwa wangu alivyodhani.

Ng'ambo ya barabara kutoka kanisani ndiko lilipo jumba la makumbusho ya nyangumi. Kuna meli nzima ndani, Lagoda, iliyojengwa nusu ya ukubwa wake mwaka 1916, unapanda sitahani na kusimama penye jiko la matofali la kuyeyushia shahamu. Nilikaa pale muda. Moto juu ya chombo cha mbao, katikati ya bahari, usiku, masizi mwilini. Babu angekataa kupanda.

Lakini kilichonisimamisha ni mifupa inayoning'inia juu ya ukumbi wa kuingilia. Ni nyangumi buluu mchanga, mita 20 hivi, aliyegongwa na meli, wakamkuta amekufa mwaka 1998. Wawindaji wa zamani hawahusiki naye. Mifupa ilisafishwa, ikatundikwa mwaka 2000, na tangu hapo inavuja. Mafuta bado yanatoka ndani ya mfupa, tone baada ya tone, na wenye jumba wametega kichupa chini yake.

Nilisogea. Harufu ilikuwa hafifu, lakini niliijua kabla sijaifikiria: Malindi, magharibi, majahazi yamepandishwa, watu wanapaka sifa.

"Mjomba," akaninong'oneza, "haya yakitiwa kwenye koroboi, yanawaka?"

"Yanawaka," nikamwambia.